Shimo Lililo Uani mwa Kanisa

Waumini wa Tanga wanaozuru Mkunazini, Unguja, hupenda kuingia moja kwa moja ndani ya Kanisa Kuu la Kristo. Huko wataiona madhabahu iliyowekwa, kwa mujibu wa mapokeo, mahali uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na Askofu Edward Steere akaanza kujenga. Habari hiyo hutufurahisha, kwa kuwa ni habari ya ushindi.

Nje, uani, iko kazi isiyofurahisha: sanamu za saruji za watu watano, zilizotengenezwa na Clara Sörnäs wa Uswidi katika miaka ya 1990. Wamesimama ndani ya shimo, shingoni wamefungwa mnyororo wa chuma wa zama zile za utumwa.

Sanamu nyingi za mjini, kama ile ya Askari pale Dar es Salaam, huinuliwa juu ya jukwaa. Hizi zimeshushwa. Ili uwaone watu hawa lazima uwatazame kwa juu, na ukifanya hivyo umesimama aliposimama mnunuzi. Hapo ndipo nguvu ya kazi hii ilipo: haituombi huruma, inatuuliza sisi tungesimama upande gani. Watu wa pwani ya Tanga tusijitoe. Misafara ya watumwa ilishuka mpaka Pangani, na wengi walikuwa wameuzwa kwanza huko bara na watu wa karibu nao. Yusufu naye alitupwa shimoni na ndugu zake mwenyewe.

Hata hivyo, kazi hii ina upungufu. Watano hawa hawana majina, nao wamebaki shimoni daima. Mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Uani hapaonyeshi kwamba aliyeuzwa aliweza kuja kuhudumu madhabahuni.

Kwa hiyo, mpendwa, anza uani, kisha uingie kanisani. Hadi mwaka 2001 Tanga na Zanzibar zilikuwa dayosisi moja. Ua ule ni wetu pia. Na ukirudi nyumbani, mtazame msichana wa kazi uliyemtoa kijijini kwao. Je, umemlipa mshahara wake?