Neutroni Nne: Je, Ni Kiini?

Kiini cha atomi ni mkusanyiko wa protoni na neutroni, zinazoshikana kwa nguvu isiyofika mbali lakini kali mno. Je, neutroni zaweza kufungamana zenyewe, pasipo protoni hata moja kati yao? Swali hili ni jepesi kuliuliza, nao wataalamu wamelihangaikia tangu miaka ya 1960. Nia yangu hapa ni kuyapima majibu yao kama tunavyopima diwani au hadithi: kwa yaliyomo, si kwa sifa za mwandishi.

Pwani yetu ina sehemu yake katika habari hii. Tarehe 12 Desemba 1970, chombo kilichopewa jina la Uhuru kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini upande wa Malindi. Kazi yake ilikuwa kupima eksirei zitokazo angani, na mwaka 1971 kikaonyesha kuwa kitu kiitwacho Centaurus X-3 hupwita kila baada ya sekunde 4.8 hivi. Hiyo ni nyota ya neutroni: uzito kama wa jua letu au zaidi, uliosongamana katika tufe lenye upana wa kilomita 20 na kitu. Basi msomaji atasema, kama neutroni zisizohesabika zimeshikana kule, kwa nini 4 zishindwe? Lakini kule kinachozishika ni uvutano, ule ule uangushao nazi. Neutroni 4 hazina uzito wa kuvutana hivyo. Ama zishikane kwa nguvu ya kiini tu, ama zitawanyike. Hata hivyo mambo haya mawili ni jirani, maana asiyejua jinsi neutroni chache zinavyoathiriana hawezi kueleza vema yaliyomo tumboni mwa nyota hiyo.

Dai lililovuma lilitoka mwaka 2002 katika maabara ya GANIL, mjini Caen, Ufaransa. Wataalamu walivunja viini vya beriliamu 14, vyenye neutroni nyingi kupita kiasi, wakaona matukio 6 yaliyofanana na neutroni 4 zikisafiri pamoja. Matukio 6! Naandika haya Majoreni, mahali pa wavuvi, na sijamwona mvuvi aliyeuza samaki kwa kuwa maji yametikisika mara sita. Mwaka 2003 Steven Pieper wa Marekani alionyesha kwa hesabu kwamba ukiikaza nguvu ya kiini hata neutroni 4 zifungamane, viini vingine tunavyovijua vitaharibika, visilingane tena na vipimo vyake. Kwangu hoja hiyo ni nzito kuliko yale matukio yote 6. Mwaka 2016 watu wa RIKEN, Japani, walileta matukio 4 mengine, yenye wasiwasi mpana hata haikujulikana kama neutroni zilifungamana au la.

Kazi iliyostahili kusomwa kwa utulivu ni ile ya Meytal Duer na wenzake, iliyofanywa huko huko RIKEN na kuchapishwa mwaka 2022. Walichukua heliamu 8, ambayo ni kama heliamu ya kawaida iliyovikwa neutroni 4 za ziada, wakaigongesha na protoni. Protoni ikaing'oa ile heliamu ya ndani, nguo ikabaki hewani bila mwenyewe. Uzuri wa jaribio uko hapa: hawakuzigusa zile neutroni. Walipima protoni na heliamu iliyong'oka, kisha wakatoa hesabu, kama mwenye duka ajuaye kilichoingia na kilichotoka, akatambua kilichopungua. Wakapata kilima kilichosimama wazi, kwenye elektronivolti milioni 2.37 juu ya kiwango cha kufungamana. Yaani neutroni hizo hazikufungamana. Zilikaa pamoja kwa muda ambao, ukiigawa sekunde moja kwa 1 yenye sufuri 22, ni mafungu 4 tu.

Kipimo hicho nakikubali. Nisichokikubali ni jina la kiini kipya, walilolitia chumvi watu wa magazeti. Wenyewe waliofanya kazi walijihadhari: kichwa cha makala yao chataja mfumo wa neutroni 4 zinazohusiana, wala hakitaji kiini. Tena mwaka 2023 Lazauskas, Hiyama na Carbonell walionyesha kwamba kilima kile kile chaweza kutokea bila mwili wowote wa neutroni 4. Yatosha kwamba neutroni zilikuwa zimekaribiana tangu ndani ya heliamu 8, na kwamba hupenda kuachana mbili mbili. Ikiwa ni hivyo, tulichokiona ni desturi ya kuagana, si nyumba ya pamoja. Mwanafunzi na aandike katika daftari lake "mkusanyiko wa kupita", neno "kiini" aliache wazi kwa sasa.

Kinachotakiwa ni kuzinasa neutroni zenyewe, zote 4 katika tukio moja, na kupima kila moja ilielekea wapi na kwa mwendo gani. Ni kazi ngumu, kwa kuwa neutroni haina umeme na hupenya vyombo vingi bila kuacha alama. Lakini njia waliyoshika ndipo ilipowaonyesha jozi, au haikuwaonyesha.