Hamu ya Filamu za Zamani na Sauti ya Msimulizi: Mfano wa Karagwe na Kyerwa

Uhakiki wetu wa uhawilishaji hupenda kuanza na matini: Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999) hulinganishwa na filamu ya Amil Shivji (2021), na kila tukio lililoachwa huhesabiwa. Kwa Karagwe na Kyerwa, njia hiyo haitufikishi mbali. Aliyekulia katika vibanda vya video huikumbuka filamu kwa kinywa cha msimulizi.

Derek Gaspar Mukandala, yaani Lufufu, aliisimulia Titanic (1997) kwa Kiswahili juu ya sauti ya Kiingereza. Hakutafsiri tu. Alisimulia kwa nafsi ya tatu, akaingia ghafla katika usemi wa mhusika, kisha akatoka kuwafafanulia watazamaji. Mpiga enanga wa Kagera, ambaye tendi zake zimechunguzwa kwa kina na M. M. Mulokozi, naye huwabeba wahusika wote kwa sauti moja. Sidai kwamba Lufufu aliirithi enanga. Nadai kwamba hadhira ya huku ilikuwa na sikio lililokwisha kuzoezwa.

Ndiyo maana nakala safi ya Titanic, yenye maandishi chini ya picha, haiikati hamu hiyo, kama vile katuni ya Kijapani ya utotoni isivyoikata inaporudi na sauti ngeni. Kinachotafutwa ni utendaji, nao umo katika kanda za VHS ambazo usumaku wake unafifia. Idara zetu za Kiswahili zizinukuu kanda hizo kwanza; riwaya ya Shafi itatusubiri rafuni.