Katalogi za tarakilishi zifunzwe ngeli za Kiswahili

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la maktaba ni katalogi, na kwa miaka kadhaa sasa vyuo vikuu vyetu pamoja na maktaba za umma vimekuwa vikilihamisha daftari hilo kutoka kwenye kadi za karatasi hadi kwenye tarakilishi. Ni hatua njema. Msomaji aliye Lodwar anaweza kujua kilichomo kwenye rafu za Nairobi kabla ya kulipa nauli. Hata hivyo, ninadai kwamba kazi hii imefanywa nusunusu, na nusu iliyosahaulika ndiyo inayotuhusu sisi wasomaji na walimu wa Kiswahili.

Dalili za tatizo hili nimeziona katika tasnifu. Kama mtahini, nimesoma kazi si haba ambamo mwanafunzi anatangaza kwamba mada yake haijawahi kutafitiwa. Ukimuuliza amejuaje, anakujibu pasi na wasiwasi: "Nilitafuta kwenye katalogi, Profesa, sikupata kitu." Kwani kutopatikana ndiko kutokuwepo? Mara nyingine kitabu anachokikana kiko rafuni, hatua chache kutoka pale alipoketi.

Tuanze na sarufi. Programu nyingi za kutafutia vitabu zilibuniwa na watu waliozingatia Kiingereza. Katika lugha hiyo, umoja na wingi hutofautiana aghalabu mwishoni mwa neno. Ndiyo maana mtafutaji hufundishwa kuandika mwanzo wa neno, kisha aweke kinyota, ili tarakilishi imletee maneno yote yanayoanza hivyo. Kiswahili hakiendi hivyo. Mshairi, washairi, ushairi na mashairi ni maneno yenye mwisho mmoja, lakini kila moja lina mwanzo wake. Mwanafunzi akiandika "ushairi" na kinyota chake, "mashairi" hayatokei ng'o. Watunga kamusi walilikabili suala hili zamani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyapanga maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya kitenzi kilichoyazaa. Iweje karatasi ya 1939 iielewe lugha yetu kuliko mashine ya leo?

Pili ni vichwa vya mada. Maktaba zetu nyingi za kitaaluma hutumia orodha ya vichwa vya mada iliyoundwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, nayo imeandikwa kwa Kiingereza. Chukua Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, diwani iliyochapishwa mwaka 1973. Katika anwani hiyo hamna neno "ushairi", wala "mashairi", wala "diwani". Ikiwa rekodi yake inautaja ushairi kwa Kiingereza tu, basi anayetafuta kwa Kiswahili hataipata isipokuwa awe anaijua tayari. Sasa je, katalogi inamsaidia nani ikiwa inampa kitabu yule tu anayekijua?

Tatu ni visawe. Mashine ninayoizungumzia hapa wengine wanaiita kompyuta, wengine tarakilishi, na wapo walioiita ngamizi. Utungo mmoja huitwa utenzi na huyu, utendi na yule. Msomaji binadamu huvuka tofauti hizi bila kujikwaa. Tarakilishi huona maneno mawili yasiyojuana, labda iwe imeelekezwa kwamba anayeuliza hili apewe na lile.

Nne ni majina ya watunzi. Zanzibar imetupa Mohamed Said Abdulla, mwandishi wa Mzimu wa Watu wa Kale. Mohamed Suleiman Mohamed, mwandishi wa Kiu. Na Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano. Ukitanguliza jina la mwisho kama kanuni zinavyotaka, ukafupisha mengine kwa herufi, kisha karani mmoja akaandika "Mohamed" na mwenzake "Mohammed", utapata vurumai. Dawa yake inajulikana: orodha rasmi ya majina inayoziunganisha tahajia zote za mtu mmoja na kuwatenganisha watu wanaofanana majina. Lakini orodha hiyo haijijengi yenyewe. Inahitaji mtu anayewajua watunzi hawa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni malalamiko ya mwalimu wa lugha anayetetea ngeli zake. Hebu wafikirie yafuatayo. Maktaba inapokosa nafasi, huangalia ni vitabu gani havijaazimwa kwa muda mrefu ili viondolewe. Kitabu kisichopatikana hakiazimwi. Kisichoazimwa huhesabiwa kuwa hakihitajiki, kikaondolewa, na bajeti ijayo ikaelekezwa kwingine. Hivyo ndivyo Kiswahili kinavyoonekana maskini wa vitabu, ilhali umaskini uko kwenye daftari. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Katalogi ya maktaba ya umma isiyoweza kuulizwa kwa lugha ya taifa inavipunguzia uzito vifungu vyote viwili.

Wakutubi nao wana hoja yao, na ni nzito. Viwango vya kimataifa huwawezesha kunakili rekodi iliyokwisha kuandaliwa kwingine, badala ya kuanza upya kwa kila kitabu. Sipendekezi waviache. Muundo wa rekodi wanaoutumia unaruhusu kitabu kimoja kiwe na vichwa vya mada kutoka orodha zaidi ya moja. Kiingereza kibaki, Kiswahili kiongezwe kando yake. Isitoshe, programu kama Koha, iliyoanzia New Zealand na ambayo jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, ni programu huria. Mtaalamu yeyote anaweza kuifungua na kuirekebisha bila kuomba ruhusa wala kulipia leseni.

Kinachokosekana ni ushirikiano. Idara za Kiswahili zina watu wanaojua kwamba utenzi na utendi ni kitu kimoja. Maktaba zina wakutubi wanaojua kanuni za rekodi. Idara za tarakilishi zina vijana wanaoweza kuiandikia mashine kanuni za viambishi awali. Watatu hawa hufanya kazi katika bewa moja bila kukutana. Idara moja ikianza na vichwa vya mada mia tano vya fasihi na isimu, vikakubaliwa na kutumiwa na maktaba nyingine, tutakuwa tumepiga hatua. Ni kazi ya mwaka mmoja, wala haihitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Wataalamu wetu wameipa hifadhi ya data jina zuri: kanzidata. Kanzi ni hazina. Hazina ambayo mwenyewe hawezi kuifungua kwa lugha yake huwa inawafaa wengine.