Sauti ya Joka Chitete

Kwenye filamu ya How to Train Your Dragon, iliyotoka mwaka 2010 chini ya uongozaji wa Chris Sanders na Dean DeBlois, kila mhusika ana mtu wake wa kumpa sauti. Kwenye banda la video Chitete, wilayani Momba, wote wana mtu mmoja. Kakaa pembeni ya spika, maikrofoni mkono mmoja, rimoti mkono wa pili. Chifu ni yeye, mwana wa chifu ni yeye, mhunzi ni yeye, hata binti mwenye shoka.

Kazi hii ina wakubwa zake. Dar es Salaam alikuwako Derek Gaspar Mukandala, Lufufu kwa jina la kazi, aliyetafsiri filamu mbele ya watazamaji, na sauti yake ikaja kusambaa kwenye kanda na DVD. Mtafsiri wa Chitete ni wa ukoo huo. Nami naamini filamu ya watoto humpima kuliko ya ngumi, kwa sababu ngumi hujieleza.

Hiccup, mwana wa chifu Stoick, kamtungua joka mweusi, kashindwa kumuua, kamkatia kamba. Joka kapoteza kipande cha mkia na hawezi kuruka. Stoick anapoongea, mtafsiri anaishusha sauti kifuani na kumwita Mwene, kama machifu wanavyoitwa huku, na watoto wanaelewa papo hapo kwa nini kijana hathubutu kumjibu baba yake.

Kisha samaki. Hiccup anamletea joka samaki. Joka anameza, anamtapikia nusu, anamkodolea macho ale. Filamu haina neno hapo. Mtafsiri anampa joka sauti nzito, ya taratibu: "Ukisusa..." Banda zima linaitikia: "Wenzio twala!" Ndipo Hiccup anang'ata. Nafasi yenyewe ni finyu mno: akianza kwa kuchelewa, kelele za watoto zinaangukia tukio linalofuata na kulifunika.

Hiccup anachora mchangani kwa kijiti. Joka naye anang'oa mti mdogo, anachora mistari yake. Kijana akikanyaga mstari, joka ananguruma. Akiinua mguu, anatulia. Hapa wengi wangeendelea kumsemea joka, hasa baada ya kicheko kile. Yeye anaweka maikrofoni mapajani, anaongeza sauti ya filamu, na muziki wa John Powell unajaa banda. Watoto wanajisimulia wenyewe: "Usikanyage!" Hiccup ananyoosha mkono na kugeuza uso pembeni. Joka anasita, kisha anaweka pua kiganjani. Mtafsiri hajatia neno.

Waliotengeneza filamu hawakumpa joka lugha ya binadamu. Mtafsiri alimkopesha kidogo kwa ajili ya utani wa chakula, utani ambao wenyeji wowote wangemfanyia mgeni, akaichukua ilipofika zamu ya kuaminiana. Nilipomuuliza alijuaje mahali pa kuacha, aliniambia kwamba kila filamu huitazama kwanza akiwa amezima sauti. Mahali anapoelewa mwenyewe bila kuambiwa, hapaandalii maneno.

Hiccup akienda kwa mhunzi kumuundia joka pezi la kuziba pengo la mkia, maikrofoni inarudi mdomoni, na maneno yanamtoka kwa kasi: ngozi, chuma, kipimo, kamba ya kuvutia. Hapo watoto wanauliza, naye anajibu kila swali bila kupitwa na picha.