Ufundi wa Kusoma Dondoo

Mwanafunzi anayeweza kukaa na dondoo moja la fasihi ya Kiingereza, akalirudia bila kulichoka mpaka likamfungukia, namheshimu sana. Kazi yake haina kelele, na wengi huidhania kipaji. Ukweli ni kwamba hufunzwa. Katika miaka ya 1920, I. A. Richards aliwagawia wanafunzi wa Cambridge mashairi yasiyo na majina ya watunzi, akataka maoni yao. Kwa kukosa jina la kuegemea, wengi walipotea. Kitabu chake cha 1929, Practical Criticism, kilisaidia kueneza desturi ya kuyahoji maandishi yenyewe kwanza.

Chukua mwanzo wa Great Expectations, riwaya ambayo Charles Dickens aliitoa kwa mfululizo wa kila wiki kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Pip, mtoto yatima, yuko makaburini karibu na vinamasi vya Kent. Mwenye haraka ataandika kwamba mtoto ana huzuni, kisha aweke kalamu chini. Hajakosea, ila hajaanza kusoma.

Fundi huanza kwa kuuliza nani anasimulia. Nafsi ni ya kwanza, lakini sauti ni ya mtu mzima anayeutazama utoto wake. Mtoto anaamini kwamba umbo la herufi zilizochongwa kaburini linamwonyesha sura ya baba yake. Mtu mzima anajua sivyo, wala hamdharau. Kati ya macho hayo mawili kuna kichekesho na msiba kwa pamoja, na aliyeliona hilo tayari ana hoja.

Kisha hutazama mpangilio. Sentensi moja ndefu inavitaja vitu kwa zamu: makaburi, wazazi waliofariki, ndugu watano waliozikwa, vinamasi, mto, na bahari unakovuma upepo, iliyofananishwa na pango la mnyama mkali. Mwisho kabisa anatajwa kiumbe mdogo anayetetemeka na kuanza kulia, naye ndiye Pip. Mtoto huyu anajitambua baada ya kuwatambua wafu wake na ukubwa wa dunia inayomzunguka. Sasa ile huzuni ina ushahidi.

Kabla dunia hiyo haijakaa sawa, mfungwa mtoro anazuka kati ya makaburi, anamshika Pip na kumgeuza kichwa chini miguu juu, hata kanisa likaonekana limepinduka. Msomaji makini huunganisha matukio haya mawili: sentensi imempangia mtoto ulimwengu, na papo hapo mtu mzima mwenye nguvu anampindulia. Riwaya nzima itaendelea kuyapindua anayodhani Pip ameyajua.

Kuandika jibu nako kunataka kiasi. Kusema bahari imepewa sitiari ya pango ni hatua ya mwanzo tu. Kazi ni kueleza kwamba kwa mtoto huyu hata upepo unatoka kwa kitu kinachoweza kumla. Maneno machache yaliyochaguliwa vizuri na kuelezwa kikamilifu yanatosha.

Ufundi huu hufunza haki. Anayeuzoea hujizuia kumsemea mtu, awe wa kitabuni au wa mtaani, jambo asiloweza kulionyesha. Ndiyo maana namwona mwalimu bora kuwa yule ambaye kila hoja ya mwanafunzi huipokea kwa swali moja: umeliona wapi?