Ngoma iliyoshuka miguuni: juu ya muchezo «42nd Street»

Jioni moja, hapa Nyangwe, tulitazama kwa sinema muchezo wa teatri unaoitwa «42nd Street». Muchezo huo ulitoka katika filamu ya mwaka 1933, ukafika kwenye teatri kubwa za New York siku ya 25 Agosti 1980. Katika mwaka 2017 ulichezwa tena London, kwenye teatri ya Drury Lane, na huko ndiko ilikopigwa filamu tuliyoiona.

Mwanzoni pazia inapanda kidogo tu, kisha inasimama. Hatuoni uso wa mutu. Tunaona miguu, miguu mingi, yenye viatu vilivyotiwa chuma chini. Inapiga mbao pamoja kama mvua juu ya mabati. Katekista mumoja muzee aliyekaa karibu nami alisema: «Padri, hawa wanapiga lokombe kwa miguu.» Lokombe ni ngoma ile ya muti yenye kupeleka habari toka muji mpaka muji. Muzee hakukosa.

Kwa maana ginsi hii ya kucheza ilizaliwa Marekani, pahali watumwa wa Afrika walipokutana na watu wa Irlandi na wa Uingereza. Mwaka 1739, katika Carolina ya Kusini, watumwa waliasi kando ya mto Stono, wakipiga ngoma. Wanahistoria wengine wanafikiri kwamba wengi wao walitoka Kongo, na kwamba kati yao kulikuwa Wakatoliki. Mwaka 1740 sheria ilikataza watumwa kupiga ngoma. Mikono ilinyamazishwa, lakini miguu iliendelea kusema. Mwaka 1848, kijana mweusi aliyeitwa Juba alicheza hivyo mbele ya watu wa London.

Je, muchezo huu unakumbuka mambo hayo? Hapana. Habari yake ni ya musichana Peggy Sawyer, mugeni katika muji mukubwa. Mwenye kucheza cheo cha kwanza anaumia muguu, na Peggy anaingia pahali pake. Pahali pamoja wanacheza juu ya vipande vikubwa vya feza, ingawa ni mwaka 1933, wakati mamilioni ya Wamarekani walikosa kazi. Kazi yenyewe ni safi kabisa: watu wengi wanakwenda kama mutu mumoja, na bila shaka walitoka jasho siku nyingi. Hatulaumu furaha yao. Tunalaumu kwamba wanakula matunda bila kutaja aliyepanda muti.

Sisi watu wa Nyangwe jambo hilo linatugusa. Siku ya 15 Julai 1871, Livingstone aliona hapa sokoni watu wakipigwa risasi, na wengi wakazama katika Lualaba. Watumwa wa huku walipelekwa upande wa Zanzibar, si Marekani. Lakini uchungu ni mumoja.

Tangu mwaka 1988 Roma ilikubali Misale ya majimbo yetu, na tunacheza kuzunguka altare. Ndugu waseminari, tusiulize tu kama watoto wanapiga muguu sawasawa. Tuulize vilevile: hatua hii imetoka wapi, na inamusifu nani? Mutoto asiyeambiwa maana atacheza vizuri, lakini hatasali.

Yule katekista aliomba kuwaonyesha watoto wake mwanzo wa filamu, kiisha kuwaeleza lokombe kwanza. Tuliona ni shauri zuri, tukamupa.