Fundi Asikilizaye

Mjini Morogoro, wakati wa masika, wingu linaposhuka asubuhi likaufunika mlima Lupanga hata aliye Kichangani asijue kama kuna mlima, nilikuwa katika chumba cha kusomea cha chuo kimoja nikimtazama mzee fundi wa mitandao akifanya kazi yake. Na tangu siku ile moyo wangu haujatulia, kwa kuwa niliona ufundi adhimu ambao tunauacha ufe bila hata kuuombea rehema.

Malalamiko yalikuwa ya kila siku: mtandao unakatakata, alama za waifai zinaonekana kwenye simu lakini hakuna kinachopita. Mafundi wawili walikwisha kutangulia. Wa kwanza alizima ruta akaiwasha, wa pili akashauri inunuliwe nyingine. Mzee hakuigusa ruta. Alichomeka kwanza kompyuta yake kwa waya, akaona mambo yanakwenda barabara, basi akajua kwamba taksiri haikutoka nje bali imo mumo humo chumbani, hewani. Kisha akauliza nani anaumia zaidi, akaonyeshwa binti mmoja aliyeketi pembeni, ghorofa ya juu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nipishe kidogo kitini pako."

Akaketi palepale, akaishika simu ya binti vile vile alivyokuwa ameishika mwenyewe, kwani kiganja nacho huziba mawimbi, akatulia. Katika simu yake mwenyewe alikuwa na programu ipimayo nguvu ya mawimbi kwa desibeli, ambazo kwa mawimbi ya waifai huandikwa kwa hasi, na kadiri zinavyoikaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu: chini ya ruta ya ghorofa ya chini alisoma hasi 45, kitini pale mawimbi ya ruta hiyo hiyo hasi 79. Kumbe simu ya binti, ambayo ilijiunga na ruta ya chini alipokuwa akiingia mlangoni, ilikuwa bado imeing'ang'ania ruta ile ile, ilhali ruta ya juu ilikuwa hatua chache tu kutoka kitini pake.

"Hii simu inamsikia yule wa chini," mzee akasema, "maana ana sauti kubwa. Lakini yeye haisikii simu."

Maneno hayo nayatafakari hata leo. Simu ina sauti ndogo. Neno lake lisipofika hulirudia, tena polepole, na kwa kuwa katika mkondo mmoja wa masafa hunena mmoja tu kwa wakati mmoja, wote wengine hungoja kama wangojavyo watu kisimani kwenye ndoo moja. Binti alikuwa akiumia na, bila kujua, akiwaumiza wenzake. Dawa yake ilinishangaza: mzee aliipunguza nguvu ruta ya chini, ili simu zipandazo ngazi ziiache. Ile ya juu akaiondoa nyuma ya kabati la chuma, akaihamisha kutoka mkondo wa 6, ambamo ruta za majirani zilikuwa zimejazana, akaipeleka mkondo wa 11. Kwani katika masafa ya gigahezi 2.4 mikondo ni mingi kwa hesabu, lakini 1, 6 na 11 ndiyo isiyokanyagana.

Nilipomwona ameinamisha kichwa vile, nilimkumbuka fundi wa redio wa utotoni mwangu, huko Mgeta, upande wa pili wa milima. Baba alikuwa na redio ya mbao, na jioni, tulipotaka kumsikia Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, mlima ulitunyima. Fundi yule alikuja kwa miguu. Hakufungua hata parafujo moja. Alikaa kigodani pa baba, akazungusha kitufe taratibu kama amshikaye mtoto mchanga, akatoka nje na waya wa shaba, akaufunga kwenye mkaratusi, akarudi kuketi, akatoka tena akaufunga tawi jingine. Na gitaa likaingia chumbani safi kana kwamba limekuja kwa miguu pamoja naye. Mama alimpa ndizi. Hakudai zaidi.

Siku hizi minara ya mawasiliano imesimama juu ya kilele cha Bondwa, na tangu 2009 nyaya za chini ya bahari zimetufikishia intaneti Dar es Salaam kwa kasi ambayo wazee wetu hawakuiota. Safari hiyo yote ya kuvuka bahari hatuoni taabu kuigharimia, ila hatua kumi za mwisho, kutoka ukutani hata kiganjani, tunamwachia yeyote. Mtandao ukisumbua, huongezwa ruta; zikisumbuana ruta, huongezwa nyingine; na kila moja hupiga kelele juu ya mwenzake, wala hakuna aketiye kitini pa mwenye taabu.

Juma lililopita nilipita tena chumbani mle. Ruta ya juu imerudishwa nyuma ya kabati la chuma, na kando yake zimewekwa mbili mpya, taa zao zinameta. Yule binti alikuwa amesimama dirishani, mkono ameunyoosha nje, simu ameielekeza kwenye wingu.